Keki ya Nazi na Kuku wa Mudende

Habari za maandazi yangu niliambiwa na mwendesha pikipiki anayetuletea maziwa, tena aliniambia akicheka.

Kila Jumamosi asubuhi hushuka kutoka Mudende, huko juu kwenye ng'ombe na viazi, amefunga nyuma ya pikipiki yake dumu la maziwa kutoka kwa mama mkwe wangu. Sisi tunakaa chini, mjini Gisenyi. Maziwa hayo ndiyo yaliyowalea wanangu. Na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo kila mara nilikuwa nalisafisha lile dumu, nalianika juani, kisha namkabidhi dereva pamoja na kitu cha kumpelekea mama: pakiti ya sukari, mche wa sabuni, majani ya chai. Jumamosi moja nikaamka na moyo mkunjufu nikamtengenezea maandazi kwa mikono yangu, ya iliki, laini hata kwa mtu aliyebakiwa na meno ya kuhesabika. Nikayafunga yangali ya moto. Wiki iliyofuata nikauliza kama mama aliyapenda.

"Madamu, zile mandazi alipatia kuku," akasema yule bwana. "Yote! Na kuku yote ingali muzima kabisa."

Akacheka, akafungua kamba ya dumu. Mimi nilisimama pale mlangoni mdomo wazi, na damu ikanipanda mpaka masikioni.

Sukari aliipokea, kwa sababu pakiti ilitoka dukani imefungwa. Sabuni aliipokea. Kilichopita mikononi mwangu ndicho kilichokwenda kwa kuku.

Ili ueleweke uchungu wangu, lazima nirudi nyuma kidogo. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa utani, mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu na kiburi cha kutokunywa dawa zake. Siku moja alishuka mjini kwa shughuli zake, akapita nyumbani, nikampakulia maharagwe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakakauka vizuri. Alikula akasifu, akapanda Mudende jioni. Asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Lakini kwenye kilio, watu wamejaa uani, shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu, aliinua kichwa akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Jana alikula wapi?"

Mtu akajibu, bila ubaya wowote, kwamba alikula kwa mkazamwana wake, mjini. Basi. Hakuna aliyesema zaidi, na hakukuwa na haja. Huku kwetu, upande huu wa mpaka na upande ule wa Goma nilikozaliwa, watu ni wazito kukubali kwamba mtu amekufa tu. Lazima awe amelishwa kitu. Ndiyo maana chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza pombe kabla ya kumpa mwenzake. Tunaita heshima, na ni heshima kweli, lakini chini yake kuna hofu ya sumu, na kila mtu anajua.

Tangu kilio kile, mama mkwe wangu hakutia kitu kinywani nyumbani kwangu. Alikuja, hilo siwezi kumnyima. Alikuja kila sikukuu, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, akakaa wima kwenye kiti kilekile karibu na mlango, akawauliza watoto habari za shule. Ukimwekea sahani anasema, "Mi nimeshiba." Ukimfungulia soda mbele ya macho yake anashukuru, anaiacha mezani mpaka gesi yote inaisha. Na ndani ya mfuko wake alikuwa na thermosi ndogo ya maziwa yake mwenyewe. Alikunywa humo, taratibu, nikimtazama. Mume wangu aliniambia niache, mama ni mama, uzee una mambo yake. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa si wewe unayeosha sahani iliyorudi kama ilivyokwenda.

Nilikuwa na hasira naye. Niseme wazi, maana waandishi wa kumbukumbu hupenda kujipaka upole. Nilimpenda, nilimwogopa, na nilikuwa na hasira naye iliyonikaba kila Noeli. Nilitaka kitu kimoja tu: ale kwangu, mara moja, mbele ya watu.

Wazo la keki lilinijia kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa shemeji yangu. Tulikuwa ukumbini, keki ikakatwa katikati ya watu kama desturi, mtoto akalishwa kipande cha kwanza, kisha sahani zikazungushwa. Ilikuwa keki nyeupe, imenyunyiziwa nazi juu. Nikamwona mama mkwe wangu akichukua kipande. Akala! Akajilamba kidole, akamgusa bega msichana aliyekuwa anagawa, akaomba kingine.

"Hii nyeupe ya juu ni nini? Ni maziwa?" alimuuliza.

"Ni nazi, mukecuru," msichana akajibu, kwa jina letu la heshima la bibi.

Nikabaki nimeshika uma wangu hewani, na keki yangu sijaigusa. Nilifikiri hivi: maharagwe hupakuliwa sahani kwa sahani, na sahani ya mtu inaweza kutiliwa shaka. Keki ni moja. Inakatwa mbele ya macho ya wote, na kila mtu anakula kutoka kwenye kitu kilekile. Nikionja mimi kwanza, nani atasema neno? Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapanga Noeli yote kichwani.

Kasoro ni kwamba sikuwahi kupika keki ya nazi, na nazi yenyewe haioti huku kwenye baridi yetu. Mimi nazi niliijua kwenye chupa ya mafuta ya kujipaka. Tena hata mafuta yenyewe marehemu mama yangu aliyatupa nikiwa mdogo kwa sababu yalinitoa vipele mwili mzima, tukahamia vaselini, na habari ikaishia hapo.

Nilimwendea mwenzangu wa ofisini. Yeye alikulia Tanzania, wazazi wake walirudi kutoka huko, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba tukizungumza naona haya kufungua mdomo.

"Shoga yangu, keki ya sikukuu bila nazi huo ni mkate tu," alisema. "Dada yangu anakuja wiki ijayo kutoka Dar. Nitamwagiza nazi, na mbuzi ya kukunia ninayo mwenyewe."

Alinipa na vipimo vyake vya pwani. Nikaanza kujizoeza bila nazi, kwa sababu nazi zilikuwa bado ziko njiani.

Keki ya kwanza ilikuwa aibu. Nilijitia ujanja: badala ya siagi ya dukani nikatumia samli ya ng'ombe iliyolala, ile inayokaa kwenye chungu miezi hadi inapata harufu, ambayo watu wa Mudende wanaitia kwenye maharagwe na kufumba macho kwa utamu. Nilisema, mama atatambua ladha ya kwao. Keki ilipoiva, watoto walikuja mbio wakasimama mlangoni.

"Nani kaingiza ng'ombe ndani?" mume wangu aliuliza kutoka sebuleni.

Keki ya pili niliipika kwa siagi niliyoisukasuka kutoka kwenye malai ya maziwa ya mama, na harufu ikawa safi. Lakini ilifura, ikafura, ikafika ukingoni mwa bati, halafu mbele ya macho yangu ikakaa chini katikati kama kitanda cha mbwa. Nilipiga kelele jikoni. Mwenzangu alipoona picha kwenye simu alicheka, kisha akafikiri, akasema labda vipimo vya baharini havifai mlimani. Nikapunguza beking pauda nusu, nikaongeza yai moja. Ya tatu ikasimama.

Sina tanuri la umeme. Nina imbabura, jiko letu la makaa, na sufuria nene ya kupikia watu wengi. Ndani ya sufuria natandika vijiwe vyeusi vya volkano, ambavyo mji huu umevijaza kila mahali, unainama tu unaviokota. Juu ya vijiwe naweka bati la keki, nafunika, kisha napanga makaa juu ya mfuniko. Ukizidisha makaa ya juu, keki inaungua kichwa. Ukizidisha ya chini, inashika tako. Keki ya tabaka tatu ni mizunguko mitatu ya kazi hiyo, na huwezi kwenda kukaa mahali.

Siku moja kabla ya Noeli mume wangu alizivunja nazi kwa nyundo kibarazani. Nami nikakaa juu ya ile mbuzi, nikaanza kukuna. Theluji ile nyeupe ilianguka kwenye sinia na nilifurahi kama mtoto. Nilikamua tui, nikapikia krimu kwa tui zito, sukari na wanga kidogo, na machicha mengine nikayaweka kando kwa kupambia. Mikono iliniwasha mpaka kwenye viwiko. Nilipiga chafya, macho yakatoa machozi. Nikalaumu moshi. Sikuonja hata kidogo, na hapo mtu wa pwani angenishangaa. Lakini nilikuzwa na mama aliyetuambia kwamba msichana anayelamba mwiko atanyeshewa siku ya harusi yake, na tabia imebaki hata baada ya harusi. Isitoshe, nilitaka tonge la kwanza la keki ile niliweke kinywani mbele yao, si jikoni kwa kuficha.

Usishangae nikisema kwamba ilitoka nzuri. Tabaka tatu, krimu katikati, nazi juu na ubavuni, nyeupe pe. Niliizunguka mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Baada ya misa ya Noeli walikuja: shemeji yangu na mkewe na watoto wao, shangazi na kilemba chake kirefu, na mama mkwe wangu na mfuko wake wenye thermosi. Akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Tulikula, yaani wengine walikula, yeye alisema ameshiba. Nikangoja mpaka sahani zikaondolewa. Kisha nikaileta keki nikaiweka katikati ya meza, na watoto wakapiga vigelegele.

"Eeh, na nazi!" akasema mke wa shemeji.

Nikamwona mama mkwe akiinua shingo. Nikakata kipande, nikasema kwa sauti ya kutania lakini kila mtu alinielewa: "Desturi ni desturi. Mwenye kupika anaonja kwanza."

Nilikata pande kubwa kwa makusudi, asije mtu akasema nilidonoa tu. Nikalitia kinywani, nikatafuna, nikameza. Ilikuwa tamu. Nakumbuka nilipata nafasi ya kuwaza kwamba ni tamu kweli.

Kisha ulimi ukaanza kuwasha. Midomo ikawa mizito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilitaka kutabasamu, uso ukakataa. Niliona vipele vinapanda mkononi, vyekundu, vikubwa, vinaungana. Halafu koo likaanza kufunga. Nilivuta pumzi ikaingia nusu, ikapiga mluzi. Nilishika meza, kitambaa kikaja, vikombe vikaanguka, nami nikaanguka navyo.

Ndipo sauti ya shangazi ikapasua chumba:

"Yezu wangu! Sumu! Amejilisha yeye mwenyewe! Musikule! Batoto, tupa ile kitu!"

Nikasikia kofi, na kipande alichokuwa amejimegea kikamwanguka mwanangu mdogo mkononi, akalia. Nikasikia viti. Mtu akasema nisiguswe. Mtu akasema niletewe maziwa, ninyweshwe kwa nguvu, maana watu huamini maziwa huvunja sumu. Mume wangu alikuwa ananiita jina langu huku ananitikisa, amechanganyikiwa, hajui anishike wapi. Na mimi nilikuwa nasikia yote, naelewa yote, na siwezi kutoa neno.

Niliogopa kufa, ndiyo. Lakini kilichonitia kiwewe zaidi ni kwamba nitakufa wakiamini. Kwamba nitazikwa na watu watasema mtego umemnasa mwenyewe, na wanangu watakua wakisikia hivyo. Nilijaribu kusema "hapana". Ikatoka filimbi.

Macho yangu yalikuwa yamevimba, yamebaki kama tundu la kifungo. Kwenye tundu hilo nikaona kitenge kilichopigwa pasi kikisimama kutoka kwenye kiti cha mlangoni. Mama mkwe wangu alikuja mpaka mezani. Hakukimbia. Akaingiza mkono kwenye keki, akamega pande kama mtu anayemega ugali, akalitia kinywani. Akatafuna. Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia. Akameza, akamega tena, akala tena, huku amemkazia macho shangazi.

"Mama!" shemeji yangu alipiga yowe.

"Maziwa ya hii keki iko yangu," alisema. "Siagi iko yangu. Kama iko sumu, basi ni mimi nilitia. Muliona? Nimekula. Sasa beba mutoto wangu hospitali, mbio! Na ule mwenye maziwa ayarudishe, hawezi kupumua, mutamunywesha wapi?"

Mutoto wangu. Nilisikia vizuri.

Jirani alikuwa na gari. Walinibeba kama gunia la viazi, na kichwa changu kikawa kwenye paja la mtu. Barabara ilikuwa imejaa watu wa sikukuu waliovaa nguo mpya, honi haikukoma. Sikumbuki mlango wa hospitali. Nakumbuka sindano kwenye paja, barakoa ya hewa, na baada ya muda koo likaachia kidogo, kisha kidogo tena, kama mtu anayelegeza ngumi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliuliza nilikula nini. Kabla mume wangu hajajibu, mkono wenye mikunjo ulipita mbele yake na kufunguka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja na pande la keki ndani ya kiganja chake, limepondeka, krimu imepita kati ya vidole.

"Alikula hii," alisema. "Na mi nimekula hii. Niangalie na mimi, mi iko muzima."

Daktari alinusa, akauliza ni nazi? Akaniuliza kama nazi iliwahi kunisumbua. Nikatikisa kichwa, kisha nikakumbuka chupa ya mafuta, vipele, na mama yangu akiitupa. Nikakubali kwa kichwa. Daktari akasema mwili wangu haupatani na nazi, umeichukia tangu utotoni, na kwamba sitakiwi kuigusa tena maisha yangu yote. Shemeji yangu akakaa chini sakafuni akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetaka kulia. Nilikuwa karibu kufa kwa kitu nilichokikuna mwenyewe, kwa furaha, nikiimba.

Baadaye mume wangu alikwenda kutafuta dawa, shemeji akarudi kwa watoto. Tukabaki wawili. Mama mkwe alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha plastiki, na nazi imemganda kwenye kitenge. Nilimwangalia sana kabla ya kupata sauti.

"Mama, umekula."

"Nimekula."

"Siku zile zote hukula. Uliniogopa. Leo umekula ukiniona nakufa."

Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu.

"Mi nikuogope we? We mutoto, unafikiri vile miaka yote?" Akapiga ulimi. "Sikiliza. Mi iko muzee. Tansion iko, damu inapanda, moyo nayo inachoka. Naweza lala leo, kesho siamuki, sawa na muzee wangu. Kama ningekula kwako, kisha nikafa na uzee yangu, batu wangesema nini? Wangesema muzee alikula kule, akakufa. Mama alikula kule, akakufa. Nani angekutetea? Mi ndiye ningekutetea. Na mi ningekuwa nimeshakufa."

Nilizirudia Noeli zote kichwani, moja baada ya nyingine: soda isiyo na gesi, sahani iliyojaa, thermosi. Kila kitu nilichokihesabu kuwa tusi kiligeuka mbele yangu, na sikuwa na pa kuficha uso. Nilikuwa nimelindwa muda wote ule na mtu niliyekuwa namnunia.

"Na maandazi?" nikauliza. "Uliwapa kuku."

"Ile mandazi! Siku ile Tantine, dada ya muzee, alikuwa kwangu, amekaa pale. Ulitaka nifanye nini? Nilirushia kuku mbele yake. Nikamwambia, bon, angalia vizuri. Tulikaa mpaka jua inashuka, sisi wawili, tunaangalia kuku." Akajifuta mkono kwenye kitenge. "Moja nilificha. Yeye ameondoka, ndiyo nilikula. Ilikuwa muzuri sana."

Nililia. Machozi yalipita kwenye mashavu yaliyovimba kama maandazi yenyewe, na yeye akacheka alipoona sura yangu, cheko dogo la mtu mwenye meno machache. Nilicheka na mimi, ikauma.

Kisha akawa na wasiwasi. Nikamwona anahesabu jambo moyoni.

"Leo nimekula mbele ya batu yote," alisema. "Donc, sasa ni lazima nisikufe. Nikikufa hii wiki, kazi yote imeharibika."

Nilidhani anatania. Kesho yake, nikiwa nimerudi nyumbani, uso bado haujarudi wote, simu ililia alfajiri. Namba ya Mudende. Nikapokea.

"Mi iko," ilisema sauti yake. "Bado iko muzima." Akakata.

Keshokutwa yake, vilevile. Na siku iliyofuata. Hakusalimu, hakungoja nijibu. Nilikuwa naamka kabla ya simu, nakaa ukingoni mwa kitanda nimeishika kwa mikono miwili, na ninapoisikia sauti ile ndipo navuta pumzi na kuwasha moto.

Asubuhi ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, simu haikulia. Nilingoja. Jua likatoka, watoto wakavaa nguo zao mpya, mume wangu akapiga namba ya mama yake mara kadhaa, haipatikani. Aliniambia labda ni mtandao, siku kama ile kila mtu anapiga simu. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, mbele ya sufuria ya maharagwe, na niliwaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Tukasikia pikipiki. Nilitoka nje na mwiko mkononi. Alikuwa yule bwana wa maziwa, amekuja siku isiyo yake, na nyuma yake, amekaa upande, kitenge kimefungwa vizuri, dumu limepakatwa mapajani, alikuwa mama mkwe wangu.

"Simu imekwisha moto, haiwaki," alisema akishuka. "Nikasema, aniangalie yeye mwenyewe. Kuko chakula?"

Nilimshika mikono yote miwili, na mwiko ukiwa humo humo.

Shangazi alifika muda si mrefu, pamoja na shemeji. Alinisalimia akiangalia viatu vyangu. Mama mkwe hakwenda kwenye kiti cha mlangoni. Alikaa mezani, katikati, akamwonyesha shangazi nafasi ya mbele yake, palepale ambapo angeona kila kitu. Kisha akaniita.

"Mukazana, nipatie ile maharage na sambaza. Ile ulimupikiaga muzee."

Nilikwenda jikoni, nikapakua. Nikarudi na sahani, nikasimama kando yake, na kama nilivyozoea nikachukua kijiko ili nionje kwanza mbele ya macho yao.

Akanishika mkono. Akakitoa kile kijiko katikati ya vidole vyangu.

"We acha kuonja," alisema. "Leta, njaa inaniuma."

Akaivuta sahani, akaanza kula.